Barua ya wazi kwa viongozi wa Chicago Bears: mpeni kijana mwalimu atakayebaki

Chicago, Januari 12, 2025

Kwa Bwana George McCaskey, Mwenyekiti. Bwana Kevin Warren, Rais wa klabu. Na Bwana Ryan Poles, Meneja Mkuu. Halas Hall, Lake Forest, Illinois.

Waheshimiwa,

Heri ya mwaka mpya. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayofurahia na kuumia kwayo, na kwa sababu huku kaskazini mwa mji, Rogers Park na West Ridge, tupo wengi tunaoishangilia timu yenu ya futiboli ya Kimarekani kwa lugha hii: Wakongo wa Kivu, Warundi, Wakenya, na sisi wa Tanzania. Nakala ya Kiingereza ameiandaa mwanangu na tumeshaiposti kwenu. Hii ni ya wenzangu waisome, waone kama nimewasemea sawasawa.

Mimi ni dereva wa basi la shule. Nilitua hapa Desemba 2006 nikitokea Tanga, theluji sijawahi kuiona, na muda si muda nikakuta mji mzima umevaa rangi ya chungwa na buluu iliyokoza. Wale simba wawili wa shaba walio mbele ya jumba la makumbusho ya sanaa, pale Michigan Avenue, walivishwa helmeti za Bears. Nilisimama pale kwenye baridi nikawatazama, nikajiambia kwamba watu wanaowavisha simba wao helmeti hawana mzaha na jambo lao. Februari 4, 2007, Super Bowl, fainali ya ligi, kule Miami, mpira wa kwanza kabisa Devin Hester aliudaka akakimbia nao yadi 92 hadi mwisho wa uwanja. Sikujua sheria hata moja ya mchezo ule, lakini niliruka pamoja na watu nisiowajua majina. Colts walitufunga 29–17. Haidhuru, nilikuwa nimeshanasa.

Tangu hapo sijatoka. Agosti iliyopita Hester alipoingizwa katika Jumba la Mashujaa wa futiboli kule Canton, pamoja na Julius Peppers na Steve McMichael, nilimwonyesha mwanangu picha za mbio zile, nikamwambia: huyu ndiye aliyenifanya mtu wa mji huu.

Nawaambia haya ili mjue kwamba anayewaandikia si mpita njia. Na sikuja kuwatukana. Nimekuja kwa sababu msimu huu umeisha kwa ushindi 5 na vipigo 12, kumi kati ya hivyo mfululizo bila kupumua, na kwa sababu siku hizi mmeketi kumchagua kocha mpya. Safari hii mkikosea, atakayelipa ni kijana mmoja mwenye namba 18 mgongoni.

Tulianza vizuri, nanyi mnakumbuka. Aprili 2024, timu za ligi zilipochagua vijana kwa zamu, mlimchukua Caleb Williams chaguo la kwanza awe kotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kutupa pasi. Wa kuzidaka mkamwongezea Rome Odunze chaguo la 9, DJ Moore alikuwapo, Keenan Allen akaja. Septemba 8 tulikuwa nyuma 17–0 dhidi ya Titans, tukaamka tukashinda 24–17, na aliyefunga la ushindi alikuwa beki wetu Tyrique Stevenson, aliyeunasa mpira wa adui akakimbia nao yadi 43. Tukawapiga Rams, tukawapiga Panthers 36–10. Oktoba 13 mkaenda London. Huku ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, tunakunywa chai na maandazi, na Caleb akatupa pasi nne za tachidauni, yaani za kuvuka mstari wa mwisho, dhidi ya Jaguars. Tulikuwa tumeshinda mara nne, tumefungwa mara mbili. Kanisani siku ile waumini wawili walikuja wamechelewa, na kila mtu alijua sababu.

Halafu Washington.

Nimeirudia picha ile mara nyingi mno. Oktoba 27. Mpaka robo ya mwisho tulikuwa tumecheza vibaya; tulifika yadi moja tu kutoka mstari, na mpira akapewa Doug Kramer, mtu wa safu ya mbele inayomlinda kotabeki, ambaye kazi yake si kubeba mpira, ukamponyoka. Hata hivyo Roschon Johnson alivuka mstari zikiwa zimebaki sekunde 25, tukawa mbele 15–12. Kilichobaki kilikuwa kulinda tu. Badala yake mabeki wetu walisimama mbali kabisa, wakamwachia Terry McLaurin adake pembeni na kutoka nje ya uwanja, yadi 13 bila mtu kumgusa. Zikabaki sekunde 2. Bila zile yadi 13, mpira wa mwisho usingefika ulikofika.

Pasi ndefu ya mwisho kama ile Wamarekani huiita kwa jina la sala, Salamu Maria. Kotabeki wao Jayden Daniels alizunguka zunguka muda mrefu, sisi sebuleni tumeshika vichwa. Wakati mpira ule unaanzishwa, Stevenson alikuwa amewageukia mashabiki wa Washington jukwaani, anawapungia mikono na kuwakejeli. Aligutuka akaja mbio, akaruka, akaugusa mpira, na mpira ukamdondokea Noah Brown aliyekuwa peke yake nyuma ya kundi lote. 18–15.

Jumatatu asubuhi nikiwa njiani na watoto, mmoja wa darasa la tatu alisimama katikati ya viti, akanigeuzia mgongo na kupunga mikono juu kama Stevenson. Basi zima likacheka. Nilimwambia akae, nikasimamisha basi mpaka alipokaa. Walikuwa wanamcheka mtu ambaye wiki saba kabla walimshangilia. Na ninachotaka kusema kuhusu siku ile ni hiki: Stevenson, kijana, aliomba radhi hadharani. Kocha wake Matt Eberflus, mtu mzima, aliwaambia waandishi kwamba zile yadi 13 hazikuwa na uzito. Nadhani timu ile ilivunjikia hapo. Wachezaji walisikia nani anabeba kosa na nani analiruka.

Arizona wakatufunga 29–9. Novemba 10 wakaja Patriots, na siku ile nilikuwa Soldier Field mwenyewe na mwanangu. Ana miaka 11. Nilikuwa nimeweka akiba ya tiketi zile tangu kiangazi. Yeye huja na daftari dogo lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kila Caleb anapokamatwa na kuangushwa mpira ukiwa bado mkononi, anachora kijiti, na cha tano anakilaza juu ya vinne. Robo ya kwanza alichora kwa haraka, anataka awahi kuutazama mchezo unaofuata. Robo ya tatu alikuwa anachora polepole. Kijiti cha tisa alikichora bila kuinua macho. Watu waliotuzunguka walikuwa wanazomea, na mzee mmoja nyuma yetu alikuwa anazomea mpaka sauti imekwisha. Mwanangu hakuzomea. Aliniuliza: "Baba, kwa nini hawamsaidii?" 19–3. Hatukuvuka mstari hata mara moja.

Siku mbili baadaye mkamwondoa Shane Waldron, aliyekuwa anapanga mashambulizi. Thomas Brown akashika nafasi yake, na siku 17 baadaye akawa kocha mkuu wa muda. Katikati hapo Packers walimzibia mpiga mateke wetu Cairo Santos mpira wa mwisho tukafungwa 20–19, na Vikings wakatufunga 30–27 katika muda wa nyongeza. Mechi hizo mbili Caleb alicheza kama mtu aliyefunguliwa kamba. Ndipo nilipoanza kuamini kwamba tatizo si yeye.

Kisha Detroit, Sikukuu ya Shukrani. Mchezo ulikuwa saa tano na nusu asubuhi. Mke wangu alikuwa ameshaipalia pilau mkaa juu ya mfuniko, jirani zetu wa Uvira wameleta bata mzinga na sombe, nyumba imejaa. Tulikuwa nyuma 16–0 hadi mapumziko. Tukarudi, tukarudi, ikawa 23–20, na mpira tunao sisi ndani ya eneo lao. Sare ilikuwa mbele ya macho. Ndipo Za'Darius Smith akamwangusha Caleb. Zilikuwa zimebaki zaidi ya sekunde 30, na tulikuwa na taimauti moja, yaani nafasi moja ya kusimamisha saa.

Mama yake jirani yangu, bibi wa miaka zaidi ya 70 ambaye mchezo ule alikuwa anauona kwa mara ya kwanza, alitazama kioo akauliza: "Mbona hawasimamishi?" Mwanangu alikuwa amesimama anafanya ile ishara ya taimauti kwa mikono yake miwili, anawaonyesha watu waliomo ndani ya televisheni. Sekunde zikapita. 20. 15. 10. Mpira ulianzishwa zikiwa zimebaki 6, ukatupwa mbali kumwelekea Odunze, ukaanguka chini, saa ikawa sifuri. Taimauti ile haikutumika. Bibi yule alirudia swali lake mara mbili, na hakuna mtu mzima chumbani aliyekuwa na jibu la kumpa.

Dereva wa basi la shule anaishi kwa saa. Nikichelewa dakika 3 kituo cha kwanza, kituo cha tisa watoto wanasubiri dakika 10 kwenye barafu. Najua saa inavyoweza kumchanganya mtu. Kuna siku hata mimi imenichanganya. Kwa hiyo simlaumu kijana wa miaka 23 aliyetoka kuangushwa chini, kichwa kinazunguka, kelele za uwanja mzima masikioni. Pembeni yake walisimama watu wazima wanaolipwa kuitazama saa kwa niaba yake.

Kesho yake mlimfukuza Matt Eberflus. Klabu ilianzishwa 1920, na hadi siku ile haikuwahi kumfukuza kocha mkuu katikati ya msimu. Sikushangilia. Asubuhi ile mlimwacha aketi mbele ya waandishi ajibu maswali kuhusu mechi inayofuata, na saa chache baadaye mkamwonyesha mlango. Nimeshasema nilivyoyaona makosa yake. Lakini hata aliyekosa huachwa na staha yake. Nyumba ambayo mkono wa kulia haujui wa kushoto unafanya nini hujulikana kwa mambo kama haya, na wachezaji wanaotafutwa na timu nyingine nyingi huyaona pia wanapochagua pa kwenda.

Sasa nifike kwenye lililonikalisha niandike.

Mwaka 2017 klabu ilipanda hadi chaguo la pili ikamchukua Mitchell Trubisky, ikamkabidhi kwa kocha John Fox. Msimu ulipoisha Fox akaondolewa. Mwaka 2021 ikamchukua Justin Fields, chaguo la 11, ikamkabidhi kwa Matt Nagy. Januari 2022 Nagy akaondolewa pamoja na Ryan Pace, meneja mkuu aliyewachagua wote wawili, Fields na Trubisky. Mwaka 2024 ikamchukua Caleb Williams, ikamkabidhi kwa Eberflus, na safari hii hata msimu haukuisha. Mara tatu katika miaka minane mmemleta kotabeki mchanga kwa mwalimu ambaye tayari amekalia kuti kavu. Bwana Warren na Bwana Poles, nyinyi hamkuwapo mara ya kwanza wala ya pili. Bwana McCaskey, wewe umekuwa mwenyekiti tangu 2011. Umekuwapo mara zote tatu.

Huenda mkaona ni bahati mbaya. Mimi naona ni desturi. Kila mara mlikuwa na shaka na kocha, na kila mara mkaamua kumwachia mwaka mmoja zaidi, na mwaka huo mmoja ndio mlioupa jukumu la kumlea mtoto wa thamani kuliko wote klabuni. Kocha anayejua kwamba asiposhinda Novemba hatakuwapo Januari hawezi kumfundisha mtu kwa ajili ya mwaka kesho kutwa. Anatafuta ushindi wa Jumapili tu. Halafu anakuja mwingine, na lugha yote ya mchezo inabadilika: majina ya mipango, hatua za miguu, nani wa kutazamwa kwanza na nani wa pili. Kijana anaanza moja.

Zamani niliwahi kufanya kazi kwenye kampuni moja ya mabasi ambako njia moja ilibadilishiwa madereva watatu kabla ya Krismasi. Dereva wa kwanza alikuwa anawapakia watoto upande wa kulia wa barabara, wa pili akabadilisha akaja upande wa kushoto, wa tatu akawa anakuja upande wowote kulingana na foleni. Nilipopewa njia ile Januari, nilimkuta mtoto wa miaka sita amesimama katikati ya barabara. Hakuwa mtundu. Alikuwa ametii kila alichoambiwa.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema Caleb ameshindwa. Pasi zake zimefika yadi 3,541, tachidauni 20, na mipira iliyonaswa ni 6 tu, katika mwaka ambao amebadilishiwa wapangaji na makocha wakuu. Katika klabu iliyodumu zaidi ya karne, bado rekodi ya yadi za pasi ni ya Erik Kramer, 3,838, ya mwaka 1995. Timu nyingine zote za ligi zimewahi kupata kotabeki wa yadi 4,000. Sisi hatujapata. Haiwezekani kwamba kwa miaka yote hiyo wavulana wote wabovu walikuja Chicago na wazuri wote wakaenda kwingine.

Na kuna ukuta, yaani ile safu ya mbele inayomlinda kotabeki. Caleb ameangushwa mara 68 msimu huu. Katika historia nzima ya ligi ni wawili tu walioangushwa zaidi katika msimu mmoja: Randall Cunningham, 72, mwaka 1986, na David Carr, 76, mwaka 2002. Huyo Carr naye alikuwa chaguo la kwanza kama Caleb. Aliwekwa nyuma ya ukuta wa timu mpya ya Houston iliyokuwa inacheza msimu wake wa kwanza kabisa, na baada ya miaka mitano walimwacha aondoke. Watu husema hakuwa na kipaji. Mimi najiuliza kipaji gani kingebaki baada ya kudondoshwa chini mara zote zile.

Nitasema ukweli wote: Caleb naye hukaa na mpira muda mrefu mno. Anaamini miguu yake, anazunguka kutafuta pasi kubwa wakati ndogo ipo wazi mbele yake, na baadhi ya vile vijiti 68 ni vyake mwenyewe. Hilo linafundishika. Lakini angalieni tena Septemba 26, 2021, Cleveland, siku Fields alipoanza mechi yake ya kwanza. Aliangushwa mara 9, na timu nzima ikapata yadi 47 tu kwa mchana mzima. Miaka mitatu baadaye, kijana mwingine, kocha mwingine, wapangaji wengine, dhidi ya Patriots, tena mara 9. Ufa ni ule ule.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyinyi mmeanza kujenga ukuta mwingine kabisa. Februari 2023 mlinunua ekari 326 za uwanja wa zamani wa mbio za farasi kule Arlington Heights kwa dola milioni 197.2. Aprili 2024, siku moja kabla ya kumchagua Caleb, mkatangaza mpango wa uwanja wenye paa kando ya ziwa, uwanja wenyewe dola bilioni 3.2, na barabara na miundombinu yake juu, na sehemu ya fedha zitoke kwa umma. Deni la ukarabati wa Soldier Field uliokamilika 2003 bado tunaendelea kulilipa. Sina neno na uwanja mpya. Huu wa sasa ni mdogo kuliko vyote vya ligi, na upepo wa ziwa naujua vizuri. Ila mwaka mzima nimewasikia mkieleza kwa kina urefu wa paa na idadi ya viti, na sikuwahi kumsikia mmoja wenu akieleza kwa kina vile vile nani atamlinda namba 18. Desemba 26, Seahawks walipotufunga 6–3 katika baridi ile, majukwaa yaliimba yakiwataka muuze timu. Mimi sikuimba, kwa sababu sitaki mwuze. Nataka mwikalie kazi hii kama mlivyoukalia ule uwanja.

Ninachowaomba si kingi. Kocha mnayemtafuta awe mtu ambaye mashambulizi yenyewe yamo kichwani mwake. Mkimchukua tena mtu wa ulinzi na kumtafutia mpangaji mzuri wa mashambulizi, mpangaji huyo akifanya vizuri timu nyingine itamchukua awe kocha mkuu baada ya mwaka mmoja au miwili, na Caleb ataanza moja kwa mara nyingine. Akifanya vibaya mtamfukuza, na Caleb ataanza moja vile vile. Anayemfundisha awe ndiye mwenye nyumba. Mwacheni achague wasaidizi wake mwenyewe, msimrithishe watu wa jana kwa sababu mikataba yao haijaisha. Mpeni miaka, na mseme hadharani kwamba mmempa miaka, ili hata tukifungwa mechi tatu mwezi wa Oktoba asiingie na woga wa kazi yake katika chumba anachofundishia.

Bwana Poles, ukuta ni wako. Machi soko la wachezaji litafunguliwa, na Aprili tuna chaguo la 10 na mengine mawili mwanzoni mwa raundi ya pili. Najua mchezaji wa safu ya mbele hauzi fulana. Hakuna mtoto kwenye basi langu anayelijua jina la mlinzi wa kati wa timu hii. Nunua hivyo hivyo. Anza na wale watatu wa katikati, maana huko ndiko wanakopita moja kwa moja usoni pake, asipate hata pa kukimbilia.

Na mtu akikosea kule juu, aseme. Kama Stevenson alivyosema.

Jumapili iliyopita, Januari 5, mlituzawadia kitu. Green Bay, uwanja wa Lambeau, mahali tulipokuwa hatujaonja raha kwa miaka. Packers walikuwa wametushinda mara 11 mfululizo. Santos alisimama yadi 51 kutoka kwenye milingoti, saa inakwisha, akaupiga, 24–22. Siku hiyo hiyo Bi Virginia McCaskey alitimiza miaka 102. Huyu binti wa George Halas, mwanzilishi wa timu hii, alikuwa amezaliwa kabla Soldier Field haijafunguliwa. Bwana McCaskey, tafadhali mfikishie mama yako salamu zetu za siku ya kuzaliwa, kutoka kwa nyumba moja ya watu wa Tanga ambao siku ile walipiga vigelegele mpaka jirani wa chini akagonga dari. Akagonga, kisha tukamsikia naye anapiga kelele.

Mwanangu alinunua daftari jipya wiki hii kwa sababu lile la zamani limejaa. Amechora mistari ukurasa wa kwanza na juu yake ameandika Septemba 2025. Bado hauna kijiti hata kimoja.

Wenu,
Dereva wa basi la shule, Rogers Park, Chicago